Mguu wa Kulia

...si kwamba hataki kuingia, ingekuwa ni suala la kutaka angeshavuta kiti akakaa, lakini mguu wa kulia umegoma pale kwenye kizingiti cha ofisi ya mkuu wa usafiri, umeganda sakafuni kana kwamba umepigiliwa misumari, na wa kushoto, sijui kwa kumuonea huruma mwenzake, nao umesimama, kifua kimeshaingia ofisini na visigino bado viko kwenye korido, na yeye ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja kama mtu aliyepita tu kusalimia, haya, jifanye umepita kusalimia, jifanye umekumbuka kitu... "Karibu Kapteni, ingia," anasema Madamu bila kuinua macho kwenye karatasi zake, na Kapteni ndiye yeye, jina walilompa watoto wa chekechea siku alipokabidhiwa basi la shule kwa mara ya kwanza, wakamkuta amevaa shati jeupe lenye mifuko miwili, wakadhani ni rubani, na toka hapo hata walimu, hata Madamu mwenyewe, hata mkewe akiwa na furaha humwita Kapteni, ingawa siku hizi furaha yenyewe... ingia basi, inua mguu, ni kizingiti tu, ubao mwembamba hata mtoto anayetambaa anauvuka, inua, na kadiri anavyouamuru ndivyo unavyozidi kuwa mzito, unatetemeka kwa ndani kama injini inayotaka kuwaka ikakosa, na ndani humo, kwenye kiti cha pembeni karibu na kabati, amekaa Spana, fundi wa basi.

Spana amevaa shati, hicho ndicho kinachomchoma, shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, mtu ambaye siku zote yuko ndani ya ovaroli, hata kwenye harusi ya mwanawe alitoka mara mbili kwenda kuangalia gari la maharusi limelia nini, leo amekuja na shati na kofia ameipakata mapajani, na mikono ameisugua mpaka imekuwa myekundu ila weusi wa grisi chini ya kucha umekataa kutoka, amekuja kusikiliza anavyofukuzwa kazi... bado hajafukuzwa, amesimamishwa, leo ndiyo uamuzi, na Kapteni ameitwa aseme tu tena kile alichokwisha kusema, mbele ya Spana, ili kazi iishe, "ni dakika chache tu," Madamu alimwambia kwenye simu, "wewe rudia maelezo yako, kwamba ulikanyaga breki ikazama, halafu uende ukapumzike"... ikazama. Neno lenyewe alilichagua vizuri, fundi yeyote akilisikia anajua maana yake, breki imezama, hakuna presha, hakuna kinachoshika, kosa la aliyekagua. Spana anainua macho na kumtikisia kichwa, salamu ya mtu na mtu, bila kinyongo chochote, na hapo ndipo mguu ulipo... la, mguu uliganda kabla, usimsingizie Spana hata hilo.

"Samahani mzee wangu, nipite," sauti nyuma yake, ni karani, anabeba sinia la chai, vikombe vinagongana, na yeye anasema "pita mama, pita," kwa sauti ya uchangamfu, lakini apite wapi, mlango mwembamba na mtu mwenyewe amejaa kama mzigo uliokwama getini, "pita" na hasogei, karani anacheka kidogo, "sasa nipite juu?" na Kapteni naye angecheka, anacheka kweli kwa ndani, ila anajua uso haujacheka, uso siku hizi hauna habari na mambo yake, umekaa tu kama picha ya kitambulisho. Mjukuu wake ndiye aliyemwambia kwanza, alimpandia magotini akamshika mashavu kwa viganja viwili, akamtazama kwa karibu, "Babu, umemkasirikia nani?" na yeye alikuwa na furaha siku ile, alikuwa anadhani anatabasamu... na mama yake mtoto akamvuta mtoto taratibu, "mwache babu amechoka." Amechoka. Ndivyo walivyokubaliana nyumbani, amechoka, ila mkewe hakukubali, mkewe aliweka sahani mezani jioni moja akasimama, "Baba watoto, kama kuna kitu nimekukosea niambie, maana hata nikikuchekesha hucheki," na angeweza kusema palepale, mlango ulikuwa wazi kabisa, yeye akasema chakula hakina chumvi. Chakula! Na wala haonji vizuri, harufu ilikwenda na korona na haikurudi, anakula kwa kumbukumbu, anajua maharage ni maharage kwa sababu anayaona, akamlaumu mwanamke wa watu kwa chumvi ambayo yeye hawezi kujua kama ipo au haipo, na mwanamke akachukua sahani akarudi nayo jikoni, na mgongo wake...

Korona, ndiyo, huko ndiko mambo yalikoanzia, au ndiko anakotaka yaanzie, maana daktari mwenyewe hakuthubutu kusema moja kwa moja. Alilala chumba cha nyuma, dirisha moja, kila pumzi anaivuta kwa mkono kama maji ya kisimani, mkewe amejifunga barakoa na leso juu ya barakoa, anaingia na uji anatoka, anaingia na maji anatoka, hospitali imejaa mpaka kwenye korido, hakuna kitanda na hakuna mtungi, na watu waliokuwa wakimwita Kapteni kwa mbwembwe wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, na hakuwalaumu, hata yeye angepita huko... na Spana akaja. Alikuja na mtungi wa oksijeni begani, ule mrefu mzito, sijui aliutoa wapi, alisema tu "nimeuazima mahali wanapochomelea, nimeshauliza, huu ni wa hospitali si wa kuchomelea, hutawaka kama taa," akaucheka utani wake mwenyewe huku anahema kwa kuubeba ngazi zote zile, akafunga mpira, akageuza koki kwa vidole vyake vinene kwa upole kama anayemfunga mtoto kifungo, na mkewe anapiga kelele "shemeji usiingie, shemeji utaambukizwa," naye anajibu, "shemeji, mimi hewa yangu nusu ni moshi wa dizeli, hicho kirusi kitakufa chenyewe." Kila jioni alikuja kuangalia geji. Kila jioni, na Kapteni kwa homa alikuwa anamuona mara mbili, Spana wawili wamesimama kwenye miguu ya kitanda, na usiku mmoja alishika shuka akaanza kuiendesha, akakata kona, akabadilisha gia, akaita majina ya vituo, na asubuhi Spana akamuuliza, "Abiria wote wamefika salama?"

...wote wamefika salama.

"Kapteni?" Madamu ameinua macho sasa. "Kuna shida?" "Hakuna, Madamu, nakuja," anasema, na mkono wa kulia, ule usioshika fremu, kidole gumba kimeanza kazi yake, kinasugua kidole cha shahada, kinasugua, kama mtu anayehesabu tasbihi isiyokuwepo, auingize mfukoni, aingize upesi, umeingia, na humo mfukoni unatikisa funguo za basi, chekeche chekeche, watu wote wanasikia. Hicho kidole ndicho kilichotangulia. Alipona, alirudi kazini, watoto wakamshangilia mpaka vioo vikatetemeka, akasema Mungu mkubwa, na baada ya miezi kadhaa akiwa amekaa anaangalia taarifa ya habari akakiona kidole kinacheza peke yake, akakitazama kama unavyomtazama mdudu aliyekutua mkononi, akakifunika kwa mto. Halafu mwandiko wake ukaanza kunywea, neno linaanza kubwa linaishia kama chungu wamepanga mstari, halafu mkono ukaacha kupunga akitembea, halafu mguu ukaanza kuburura, mkewe akasema nunua viatu vyepesi, akanunua viatu vyepesi, vikaburura navyo. Halafu milango. Mlango wa jikoni ulikuwa wa kwanza kumkamata, alisimama pale na kikombe mkononi mpaka mkewe akauliza unatafuta nini, akasema nimesahau, na kusahau ni kitu cha heshima, kila mtu wa umri wake anasahau, kwa hiyo akakichukua kama koti na kulivaa kila aendako, nimesahau, nimesahau... na wenzake wa gereji walianza kunong'ona kwamba mzee siku hizi anapiga maji, hata asubuhi anayumba, na yeye akasikia na hakukanusha, ona aibu ilivyo na mambo yake, aliona afadhali wamdhanie mlevi, mlevi anaweza kuacha.

Kwa daktari alikwenda mji mwingine, alipanda gari la watu, akakaa kiti cha nyuma kama mwizi, na daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, akamwambia gusanisha vidole, fungua fumba, fungua fumba, tembea mpaka ukutani ugeuke, na pale pa kugeuka akageuka kama lori kwenye uchochoro, mbele nyuma, mbele nyuma, daktari akaandika. Akamtajia ugonjwa, Parkinson, jina kama la kampuni ya matairi, alitamani amwambie hivyo acheke, hakucheka, akauliza, "Ni ile korona iliyonifanya hivi?" na daktari akaweka kalamu chini, "Baba, nikikwambia ndiyo nitakuwa nakudanganya, na nikikwambia hapana nitakuwa nakudanganya vilevile. Tunajua hiki kirusi hakikai kwenye mapafu tu, kinaweza kuchokoza hadi ubongo, ndiyo maana wengine harufu ilipotea, wengine akili ikawa na ukungu, na wapo wachache walioanza kutetemeka baada ya kuugua. Inawezekana ugonjwa ulikuwa umelala ndani yako tayari ukaamshwa mapema. Inawezekana umekuja wenyewe na korona ilipita tu njiani. Bado wanachunguza." Halafu akasema lile jingine, lile ambalo Kapteni amelizungusha kichwani kila asubuhi akiwasha injini, "Unafanya kazi gani, baba?" na yeye akasema, "Nina shughuli zangu ndogondogo." Shughuli ndogondogo! Basi zima la watoto. "Unaendesha gari?" "Mara mojamoja." "Usiendeshe kwanza, mpaka tuone dawa inavyofanya kazi, tuupime huo mguu, umenielewa?" "Nimekuelewa, daktari," na alikuwa ameelewa, hiyo ndiyo shida, laiti asingeelewa, na kesho yake alfajiri alipanda basi akarekebisha kioo na kusema twende. Dawa akazitia kwenye chupa ya vidonge vya presha, akawa anameza kwa kujificha, akiwepo mtu hamezi, na siku alizomeza mguu ulikuwa mwepesi akajiambia nimepona, na siku asizomeza alijiambia ni uchovu.

Siku ile hakumeza. Mkewe alikuwa amesimama palepale kwenye meza ya jikoni.

Basi lilikuwa linaingia uwanjani, mwendo mdogo, watoto wameshasimama kwenye viti kama wanavyosimama siku zote na dada msaidizi wa basi anawaambia "kaeni, kaeni, hatujafika," na mbele kulikuwa na tangi la maji na bustani ya maua, na yeye akasema breki, kichwani, alisema kama anavyosema miaka yote bila kujua kwamba anasema, na mguu haukuondoka kwenye mafuta. Haukuondoka. Alisema tena, breki, na alikuwa anautazama sasa, anaona kiatu chake kiko pale juu ya pedali kama kiatu cha mtu mwingine, na basi linakwenda, taratibu hivyohivyo, hilo ndilo la kutisha, linakwenda taratibu kuelekea kwenye tangi na foleni ya wadogo wanaokunywa maji, na mikono, Mungu aibariki mikono, mikono ikapinda usukani, basi likapanda bustani, likagonga ukuta likazima. Vioo. Kelele. Dada wa basi alikuwa amemkumbatia mtoto mmoja wa mbele, akaangukia mkono wake mwenyewe, ukavunjika, mtoto hakuguswa. Na watu wakaja mbio, mlinzi, walimu, wakamfungulia mlango, akashushwa kwa kubebwa kwa sababu miguu yote miwili ilikuwa imekufa, na mtu fulani, hata leo hamjui ni nani, akasema, "Breki, eti? Breki zimekataa?" na yeye akatikisa kichwa. Ndiyo. Kichwa tu, wala hakufungua mdomo. Huenda alikuwa anatetemeka tu. Alijiambia hivyo siku mbili nzima, sikusema kitu, nilikuwa natetemeka... lakini walivyomkalisha hapa, kwenye kiti hichohicho alichokalia Spana sasa, Madamu akauliza na akajibu kwa mdomo, kwa sauti yake, nilikanyaga ikazama. Na mkusanyiko wa wazazi ukampigia makofi. Makofi! Dada wa basi mwenyewe, mkono wenye plasta ukining'inia shingoni, alisimama mbele ya watu akasema, "Angekuwa dereva mwingine leo tungekuwa tunazika," na kinamama wakalia, na mzazi mmoja akamkumbatia kwa nguvu, na yeye uso wake mkavu ukawa ni uso wa shujaa, watu wakasema tazama mtu asiye na majivuno.

"Nikusaidie, mzee?" karani anauliza, sauti imebadilika, si ya mzaha tena. "Niko sawa." Na Spana walimpa basi alikague mbele ya mtaalamu wa bima, akaingia chini yake, akakaa huko muda mrefu, akatoka akasema, "Breki ni nzima, mimi naona nzima," na akamtazama Kapteni, na Kapteni akatazama matairi, na hapo Spana, ambaye hajawahi kukubali kosa hata la boliti, ambaye aliwahi kugombana na kiwanda kwa barua, akakuna shingo akasema polepole, "Lakini kama Kapteni anasema ilizama, basi ilizama. Labda kuna kitu kimenipita." Akayakana macho yake mwenyewe na kuamini ya rafiki yake. Ndicho hicho. Siyo kwamba atapoteza kazi, kazi ataipata gereji yoyote... sivyo, hataipata, nani atampa breki fundi aliyekaribia kuua watoto... lakini hata angeipata, ataingia chini ya kila gari akiwa hajiamini, atakaza boliti na kurudi kuikaza tena, maisha yake yote yaliyobaki, kwa ajili ya mguu wa mtu mwingine.

"Kapteni, kama hujisikii vizuri tufanye siku nyingine," anasema Madamu, na huo ni mlango mwingine, huo ni mpana, siku nyingine, aseme ndiyo, arudi nyuma, maana kurudi nyuma huenda mguu utakubali, aende nyumbani, na siku nyingine barua ya kumfukuza Spana itakuwa imeshaandikwa na hatatakiwa kusema chochote, na Spana ameshainuka, ameweka kofia juu ya kabati, anakuja na kiti mkononi, "Madamu, huyu bwana toka apone ile korona hayuko sawa, mimi namjua, mnamsimamisha bure, kaa hapa Kapteni, kaa hapohapo mlangoni," anaweka kiti, anakishika mgongo kisiyumbe, na harufu... hana harufu, lakini anaikumbuka, dizeli na sabuni ya mche... "kaa bwana," na yeye hakai, hawezi kuinama, hawezi kwenda mbele wala kurudi, na anaona kwamba ni bahati, kwamba miguu ingekuwa mizima angeshakimbia zamani, angekuwa kwenye ngazi sasa hivi, na mdomo bado unatembea, mdomo haujaganda, mdomo umepona kabisa.

"Haikuzama," anasema.

"Nini?" Madamu.

"Breki. Haikuzama. Breki zilikuwa nzima," na sauti inatoka ndogo, siku hizi sauti nayo imenywea, wakamwambia sema kwa nguvu, akasema kwa nguvu mpaka karani akarudi hatua moja na sinia lake, "breki zilikuwa nzima, sikuikanyaga, mguu haukutoka kwenye mafuta, mimi ni mgonjwa, daktari alinikataza kuendesha na nikaendesha, hata sasa hivi siingii kwa sababu mguu hautoki hapa," na mkono umetoka mfukoni wenyewe na kidole kinasugua mbele ya watu wote, kisugue, anakiacha, uso umewaka moto, masikio, shingo, alidhani akishasema aibu itapungua kama tumbo linavyotulia ukishatapika, na haikupungua, ndiyo kwanza inaingia, inatafuta pa kukaa, ila sasa ina ukubwa wake, haina tena vyumba vya nyuma. Atamwambia mkewe leo, kabla hajavua viatu. Na dada wa basi. Funguo atazitoa, ziko mfukoni, atazitoa mkono ukitulia.

Madamu amevua miwani. Na Spana bado ameshika mgongo wa kiti, anamtazama, anamtazama kama alivyokuwa anatazama ile geji ya mtungi, muda mrefu, halafu anasema kwa sauti ya chini sana, ya wao wawili tu, "Mimi nimeshamwambia mama watoto kwamba nilizembea. Nimewaambia na wanangu."

Na Spana hajasogea na kiti hajakiondoa, karani nyuma ya Kapteni anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, chai inapoa, na mguu wa kulia uko palepale juu ya ule ubao, hautaki kuingia na hautaki kutoka, na Kapteni, akiwa amesimama vilevile, anainua macho kutoka kwenye viatu, anamtazama rafiki yake usoni, na anaacha atazamwe.